Vidole Viwili vya Hewa

Alikuja Kuze na timazi yake mwenyewe,
pia ndogo ya shaba ndani ya soksi ya mtoto,
akaniuliza kwa Kiswahili cha kitabuni:
"Fundi, jiwe hili likikosa ukuta, litakaa wapi?"
Nikacheka. Miaka thelathini na mmoja naziba nyufa,
sijaulizwa swali kwa niaba ya jiwe.

Jina lake Uragami Chitose. Sisi tukamwita Bi Chito,
ulimi wa Mji wa Kale hauna subira na majina ya mbali.
Nyumba ilikuwa ya marehemu Bi Mwanakheri;
paa limekwisha, boriti tatu tu zimebaki
zikishika kuta mbili kama wagomvi
waliosahau waligombania nini.

Alizipima boriti kwa viganja.
Mbona vyumba vyote vya mtaa huu vina upana mmoja?
Nikamjibu: mkandaa.
Mti haupiti urefu huo ukabaki na nguvu.
Babu zetu hawakupima chumba. Mti ulipima,
wao wakaingia na mikeka.
Aliandika hilo. Akalifuta. Akakaa chini saa nzima
akiitazama hewa iliyo chini ya boriti
kama mtu anayesoma barua.

Kazi yenyewe: jiwe moja la tumbawe,
kilo tisini, limeng'oka kwenye msingi,
lina matundu kama mkate wa kumimina.
Lining'inie kwa kamba ya makumbi kati ya kuta mbili,
lisiguse huku, lisiguse kule.
Kila upande upenyo wa kidole kimoja.
Siku kumi na tisa, kwa vidole viwili vya hewa!

Twalibu, kijana wangu wa karai, akaninong'oneza:
"Hini ni kazi au ni uganga?"
Afisa wa kaunti akapita na faili, akauliza
litazaa nini. Bi Chito akamwonyesha upenyo.
Akachungulia, akaona jicho la paka ng'ambo ya pili,
akaenda zake.

Usiku ule mkono uliniwasha.
Nikarudi na tochi ya simu, nikakoroga chokaa kidogo,
nikaziba pande zote mbili, nikapitisha mwiko pakalainika.
Nikasema, sasa limetulia, maskini.

Asubuhi hakunifokea.
Alichukua kijiko cha chai akaanza kukwangua.
Adhana ya adhuhuri ikamkuta, ikamwacha,
vumbi jeupe likimkaa kwenye nyusi
akizeeka mbele ya macho yangu.
Alasiri nikaenda kwa muuza mahamri
kuazima kijiko cha pili.

Jiwe lilipoachiliwa liliyumba kidogo
kama mtu aliyeamshwa, likanyamaza.
Upepo ukapita pande zote mbili
na sauti mbili, moja nene, moja nyembamba.
Ndipo nikazikumbuka zidaka za nyumba ya nyanya,
safu juu ya safu ukutani, nami mtoto nikiuliza
mbona zengine hazina kitu,
naye akijibu bila kuinua macho kwenye ukili:
"Zina nafasi."

Kiswahili hiki!
Nafasi ni mahali, nafasi ni wakati,
nafasi ndiyo tunayoomba kwa barua na picha mbili za pasipoti.
Ondoa herufi moja, inabaki nafsi.
Nami maisha yangu yote nimelitaja neno hili
kwa kulikana tu: sina nafasi, bwana, sina nafasi.

Amekwenda kwao. Timazi ameniachia, na ile soksi.
Masika kamba italegea, jiwe litagusa ukuta.
Alilijua hilo. Alisema likigusa ndipo kazi itakuwa imekwisha,
si siku ile tuliyopiga picha.

Nyumbani kwangu Kisauni kuna pembe
ilipokaa cherehani ya mke wangu.
Niliijaza mifuko ya simenti
kabla hata arubaini haijafika.
Jana nimetoa miwili.
Mitatu bado ipo.